Miche 6,000 mahali pa mchu: miaka mitano ya makosa kwenye hori ya Tudor

Siku tuliyopanda miche yetu ya kwanza ya mikoko, Jumamosi moja ya mwezi Mei mwaka 2019, tulikuta maji yamejaa. Wageni wa kampuni iliyotufadhili walikuwa wamekwisha kushuka kwenye basi, wamevaa fulana za rangi moja na viatu vya mpira vyenye harufu ya dukani, hema limesimama, spika zinaimba, na hori ya Tudor, mkono wa bahari hapa Mombasa, imetulia mbele yetu kama sinia. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi chetu cha akina mama na walimu; mimi ndiye niliyepokea tarehe hiyo kwa simu na kuiandika kwenye barua zote, na haikunipitikia hata mara moja kujiuliza mwezi ulikuwa na umri gani. Nimezaliwa na kulelewa Mishomoroni, hatua chache kutoka majini, na bado nilisahau kwamba kuna bamvua na kuna maji mafu.

Kwa msomaji asiyeishi pwani, jambo lenyewe ni hili. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa kwetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa sana mnamo saa kumi. Siku za maji mafu, zinazoangukia katikati ya bamvua mbili, saa hugeuka: saa nne huwa ndiyo saa ya kujaa, ingawa maji hayo hayapandi juu sana wala baadaye hayashuki chini sana. Wafadhili walikuwa wamechagua siku ya maji mafu kwa sababu ndiyo Jumamosi ambayo mkurugenzi wao alikuwa na nafasi. Mahali tulipokusudia kupanda palikuwa chini ya maji ya kiunoni, na kwa kuwa wageni hawangeweza kungoja hadi alasiri, tukahamia kwenye uwanda wa juu, ule mweupe unaofanya ukoko wa chumvi wakati wa jua. Palikuwa pakavu, pana nafasi, na picha zilitoka vizuri sana. Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumechomeka miche 6,000, yote ya mkoko.

Januari 2020 nilikwenda kuihesabu pamoja na wanafunzi wangu wawili wa darasa la saba. Tulipata 212 iliyo hai. Iliyobaki ilikuwa vijiti vyeusi, na kati ya vijiti hivyo mamia ya vifuko vya plastiki vya kitaluni, ambavyo wageni hawakuambiwa wavitoe na sisi hatukurudi kuviokota. Tulikuwa tumekwenda kusafisha hori, tukaipelekea taka.

Fedha nazo niziseme, kwa maana watu huandika habari za uhifadhi kana kwamba miche huota kwa dua. Mfadhili aliahidi Sh 180,000, akatoa 120,000 kabla ya siku yenyewe na kusema salio litafuata baada ya ripoti. Salio halikuja. Sisi tulikuwa tumekwisha kukodi hema, viti na spika kwa mkopo, tumelipa vibarua wa kuchimba mashimo, na tumepika pilau ya watu 150. Tukabaki na deni la Sh 46,500, ambalo sehemu yake ilitolewa kwenye fedha za chama cha akina mama, fedha zilizokuwa na zamu ya mtu. Nililipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wangu wa ualimu kwa miezi minane. Mama mmoja ambaye zamu yake ilicheleweshwa hajanisamehe hadi leo, na tukikutana harusini hunisalimu kwa mkono uliolegea. Kama mfadhili anataka ripoti kwanza, ni haki yake, lakini basi naye asidai hema. Fedha ya kwanza iwe ya kitalu na ya ulinzi wa miaka miwili. Sherehe ikikosa bajeti, watu watapanda bila sherehe.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, ambaye ujana wake ulipita kwenye majahazi ya kuleta boriti za mikoko kutoka Lamu, enzi ambazo miti hiyo ilipelekwa hadi Uarabuni, kabla biashara hiyo ya nje kupigwa marufuku mwaka 1982. Kwa miaka mingi nilimhesabu miongoni mwa maadui, kwa sababu mtu huyu akitazama mti uliosimama hukuambia hapo hapo kama ni fito, pau, boriti au nguzo, bila kuupima. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu aliyekata maisha yake yote ndiye anayejua kila mti unapenda kusimama wapi. Nilipomwonyesha uwanda wetu wa vijiti vyeusi alitikisa kichwa, akaenda kwenye kichaka kilichokuwa pembeni, akachuma jani moja, akanipa.

"Hebu liramba kwa chini, Mwalimu."

Nikaliramba. Lilikuwa na chumvi kama samaki wa ng'onda.

"Huu ni mchu. Waitoa chumvi jasho. Nyinyi mwapanda mkoko mahali pa mchu. Mkoko wapenda kuoga kila siku, na hapa maji yafika mara mbili kwa mwezi."

Pwani ya Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko, na sisi tulikuwa tukiziita zote kwa jina moja, kama mtu anayeita kila samaki "samaki". Kwa kawaida mlilana ndio unaotangulia baharini, unastahimili mawimbi na tope laini, nyuma yake huja mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyoinama kama miguu ya kaa, na muia, halafu mkandaa, na juu kabisa kwenye chumvi ni mchu, ingawa mchu huo huo huonekana pia upande wa bahari. Mkomafi na msikundazi huwa pembezoni, karibu na maji baridi. Mpango huu hauhitaji shahada kuujua. Unahitaji kusimama mahali na kutazama ni mti gani umesimama kwenye kimo hicho hicho cha maji upande wa pili wa hori. Miche ya mkoko ndiyo inayouzwa kila mahali kwa sababu mbegu yake ni kubwa, ndefu kama mshumaa, na mtoto yeyote anaweza kuichomeka. Kwa hiyo watu hupanda kilicho rahisi kushika.

Mzee huyo huyo alitufundisha kuchuma. Mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado iko juu ya mti, na sisi tuliwalipa vijana kwa kila mbegu waliyoleta, nao wakazivuna mbichi kwa kutikisa matawi na kuvuta. Iliyokomaa huwa na pete ya manjano pale mbegu inapokutana na kofia yake. "Iguse," alisema. "Ikikubali kutoka, yako. Ikikataa, mwachie mamake." Katika gunia letu la kwanza la baada ya somo hilo hakukuwa hata na nusu ya idadi tuliyozoea, na kijana aliyezoea kulipwa kwa idadi alituacha akaenda kuendesha bodaboda. Tangu hapo tunalipa kwa siku.

Ungefikiri tulikwisha kujifunza. Ndiyo kwanza mkoko ulikuwa unaalika maua.

Oktoba 2020 tulipanda tena, safari hii siku ya bamvua na saa ya kupwa, kwenye tope la chini lililo wazi mbele ya msitu. Tulijiona mafundi. Hakuna aliyeuliza kwa nini tope hilo lilikuwa tupu miaka yote ilhali mbegu za mikoko hupita hapo kila siku zikielea. Baada ya miezi minne niling'oa mche mmoja uliokuwa umelala kifudifudi. Ulikuwa mzito mkononi kama nanga ya mtoto: kuanzia kwenye tope hadi kwenye majani mawili ya mwisho ulikuwa umevikwa makombe madogo meupe, magumu, makali kama tupa, ya aina ile ile inayong'ang'ania chini ya ngalawa. Nilijaribu kuyabandua kwa ukucha nikajikata. Mche mwembamba hauwezi kubeba uzito huo na kusukumwa na mawimbi mara mbili kwa siku. Pale palikuwa chini mno. Palikuwa mahali pa maji, wala hapakuwahi kuwa mahali pa msitu.

Sehemu nyingine ya miche hiyo iling'olewa kwa mikono. Nilikasirika, nikazungumza maneno makali kwenye baraza la mtaa kuhusu wahuni wasiotaka maendeleo. Mama mmoja anayeokota kaa alisimama akaniambia kwa upole ulionitia aibu zaidi kuliko matusi: "Mwalimu, mumetupandia mlangoni." Tulikuwa tumepanda katikati ya njia ya mitumbwi na juu ya tope ambalo akina mama huchimbua chambo, na ambalo ndege aina ya sululu hushuka kula kila maji yanapopwa. Hatukumwuliza mtu hata mmoja kati ya wanaofanya kazi pale. Tope tupu lina wenyewe, watu kwa ndege, na kulijaza miti ni kuharibu makao mengine kwa jina la kuhifadhi.

Mwaka huo huo wa 2020 ulikuwa mbaya kwa msitu uliosimama. Hoteli zilipofungwa kwa sababu ya corona, vijana waliokuwa wakifua mashuka na kuosha vyombo Nyali na Bamburi walirudi nyumbani mikono mitupu, na mlio wa shoka ukaanza kusikika usiku. Kuni za mkandaa na mkoko huwaka kwa moto mkali na hupata mnunuzi siku hiyo hiyo. Niliandika majina, nikayapeleka kwa askari wa misitu. Alinisikiliza vizuri, halafu akaniuliza kikundi chetu kinapanda kwa kibali gani.

Hatukuwa nacho. Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, na hata kupanda ndani yake si jambo la kujiamulia. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawapa wananchi njia: husajili chama cha kijamii cha misitu, kisha huingia katika mkataba wa usimamizi na KFS, shirika la serikali la misitu, na mkataba huo ndio unaowapa sauti mbele ya mkataji na mbele ya mwenye tingatinga pia. Sisi tulikuwa na cheti cha kikundi cha kujisaidia tu, ambacho kinatosha kufungulia akaunti ya benki. Mchakato wa kujiunga na chama cha kijamii cha eneo letu ulituchukua mwaka mmoja na zaidi, vikao ambavyo sikumbuki idadi yake, na nauli za tuktuk ambazo hakuna mfadhili anayezilipa. Uanze mapema, kabla ya kununua hata jembe.

Kuhusu wale vijana wa shoka, majina niliyoyapeleka ni jambo ninalolijutia. Wawili walikuwa wanafunzi wangu wa zamani. Leo mmoja wao ndiye mlinzi wetu, analipwa kwa asali na kwa fedha kidogo, maana tulitundika mizinga kumi ndani ya msitu na nyuki wamekuwa askari wazuri kuliko barua zangu. Sidai kwamba ukataji umekwisha. Umepungua pale penye mizinga na kuhamia pasipo na mizinga.

Mwaka 2021 tulivuka feri ya Likoni, watu kumi na wanne kwenye matatu moja, tukaenda Gazi, Kwale, kuona mradi wa Mikoko Pamoja. Nilikwenda na ndoto ya fedha za hewa ya kaboni, kwa sababu kila kongamano la mjini siku hizo lilizungumzia jambo hilo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi wameuza kaboni inayohifadhiwa na msitu wao, na mapato yameleta maji na vitabu vya shule. Lakini msitu huo ni wa hekta 117, upandaji wa majaribio ulianza huko mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nyuma yao kuna watafiti wa taasisi ya bahari ya KMFRI wanaopima unene wa mashina mwaka baada ya mwaka. Kikundi chenye robo ya hekta na daftari moja hakiuzi kaboni. Niliporudi nilifuta aya ya kaboni kwenye ombi letu la ufadhili, na mwenyekiti hakufurahi, kwa kuwa ndiyo aya ambayo wafadhili walikuwa wakiipenda.

Nililolipata Gazi ni swali moja, aliloniuliza mama aliyekuwa akitutembeza kwenye daraja la mbao: "Kwenu, miti ilikufa kwa nini?" Nikaanza kujibu kwamba tulipanda mahali pabaya. Akanikatiza. Hakuwa akiuliza kuhusu miche yetu. Aliuliza kuhusu miti iliyokuwa pale kabla yetu.

Nilirudi kwa mzee wa boriti na swali hilo. Alinieleza habari za hori ya Mwache, ambako mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha tope kutoka mashamba ya bara hadi mizizi ya kupumulia ikafukiwa na miti ikafa imesimama. Alinikumbusha mafuta yaliyomwagika kwenye hori ya Makupa mwaka 1988. Kisha akanipeleka nyuma ya uwanda wetu mweupe, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa sababu pananuka, akanionyesha tuta la kifusi cha majengo, vipande vya ukuta, vigae na mchanga, lililomwagwa na malori usiku miaka mingi iliyopita ili kupata njia ya mkato. Chini ya tuta hilo kulikuwa na mkono wa hori. Maji yaliyokuwa yakiingia kila siku yalikuwa yamefungiwa nje. Uwanda ukakauka, chumvi ikapanda, miti ikafa, na baadaye sisi tukaja na fulana zetu kupanda juu ya kaburi.

Tulipata ruhusa ya kulifungua mwaka 2022, baada ya maofisa wawili kuja kupima na mmoja kuahirisha mara tatu. Tulichimba kwa majembe, sururu na mikokoteni miwili ya kukodi, watu ishirini na kitu, katika bamvua tatu mfululizo, tukikimbizana na maji: saa tatu tunaingia, saa saba yanaturudisha. Hakukuwa na hema. Gharama yote, pamoja na chai na mahamri, ilikuwa Sh 38,400. Bamvua ya tatu, alasiri, tulisimama juu ya mabaki ya tuta tukayatazama maji yakipenya kwenye mfereji, kwanza kama ulimi mwembamba wa rangi ya kahawa uliobeba povu na kijiti cha aiskrimu, kisha kwa upana wa mkeka, na kaa wadogo wakaanza kutoka kwenye mashimo kando yake kana kwamba wameitwa. Mzee alivua viatu akaingia. Hakusema kitu.

Hatukupanda chochote mwaka huo, na kutopanda kulikuwa kugumu kuliko kuchimba. Wanachama walitaka miche, wafadhili walitaka idadi. Mwaka uliofuata mbegu za mchu, zile bapa zinazofanana na kunde kubwa, zilikuwa zimeletwa na maji zenyewe na kushika kwenye kingo za mfereji. Katika eneo nililolizungushia kamba, hatua kumi kwa kumi, nilihesabu miche 340 ambayo hakuna aliyeilipia. Sasa tunapanda pale tu palipobaki wazi baada ya misimu miwili, na tunapanda mti unaofanana na jirani yake.

Yapo ambayo hatukuyaweza. Majitaka ya mitaa iliyopanuka bila mabomba yanaingia horini mchana kutwa, na kikundi cha akina mama na walimu hakijengi mtambo wa kuyasafisha. Nepi ndizo zinazotutesa zaidi: hunasa kwenye mche, hunywa maji, huulaza. Kila baada ya bamvua watu sita hupita kuzibandua, kazi isiyo na picha. Daraja la Makupa lilipofunguliwa mwaka 2022 na ile barabara ya kifusi iliyotenganisha hori ya Tudor na Port Reitz ikaondolewa, wavuvi wetu walitarajia maji kujisafisha. Wengine wanasema kamba wamerudi, wengine wanasema taka za upande wa pili nazo zimepata njia. Daftari langu bado halina miaka ya kutosha kusema nani mkweli.

Kuhusu daftari: hesabu miche baada ya miezi mitatu, mwaka, na miaka miwili, na uandike iliyokufa pia, pamoja na sababu. Ripoti yetu ya kwanza kwa mfadhili ilisema "miche 6,000 imepandwa", sentensi ambayo ilikuwa kweli na ilikuwa uongo, na niliitia sahihi mimi.

Mwezi uliopita kijana wa ofisi moja ya mjini alinipigia simu akitaka kuleta watu 80 wapande miche 3,000 Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne. Nikamwomba asubiri kwenye simu, nikafungua jedwali la maji lililobandikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Saa nne yatakuwa yakijaa. Nikampa Ijumaa ya wiki inayofuata, nikamweleza kwamba miche hatuna haja nayo mwaka huu lakini watu 80 wenye glavu na magunia wanaweza kumaliza nepi za mfereji wote kwa asubuhi moja. Alisema atazungumza na wakubwa zake. Magunia nimekwisha kuyanunua.